Internati Lubumbashi: shughuli nyingi za shule zinamjenga mtoto au zinamlia muda wa masomo?

Mama wa Bel-Air

Ninawasalimu nyote kwa heshima. Binti yetu anamaliza mwaka wa 6 wa shule ya msingi, na mimi na baba yake tumefikia wazo la kumwandikisha mwaka wa 7 katika shule ya kibinafsi yenye internati, yaani bweni, hapa Lubumbashi, kwa kuwa baba yake anafanya kazi Kolwezi, na biashara yangu hunilaza Kasumbalesa siku nyingi za juma. Shule tuliyoitembelea ilitupatia karatasi yenye picha za shughuli za mwaka huu: mchezo wa kuigiza kwa Kifaransa, ziara ya Jumba la Makumbusho, shindano la maswali baina ya shule, bustani ya mboga inayolimwa na wanafunzi wenyewe, kwaya, na mpira wa kikapu wa wasichana. Baadhi ya shughuli hizo hulipiwa kando, juu ya minervali (karo) na gharama ya internati.

Picha ni nzuri, nami sizikatai. Hata hivyo ninajiuliza mtoto anayeimba, anayelima na kucheza kiasi hicho anasoma saa ngapi, ilhali mwishoni mwa mwaka wa 8 kuna mtihani unaomwelekeza kwenye tawi la masomo, na miaka 4 baadaye kuna Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Isitoshe, binti huyu ni mpole, si mtoto wa kujisogeza mbele za watu, na hajawahi kulala mahali pasipokuwa na ndugu. Ninaomba waliopitia maisha hayo, pamoja na walimu na wazazi, wanieleze ni mambo gani ninapaswa kuyaangalia kabla ya kulipa.

Dada wa Bio-Kemia

Jambo sana, Mama. Mimi nilikaa internati tangu mwaka wa 7 hadi nilipopata diploma ya Serikali, na sasa ninasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Siku ya internati ni ndefu kuliko wazazi wanavyodhani. Kengele hulia saa kumi na moja alfajiri. Kila mmoja hupanga foleni na ndoo yake, hutandika kitanda na kufagia sehemu aliyopangiwa, kisha huja sala, chai na mkate, na masomo hadi mchana. Baada ya bukari (ugali) na matembele, au bukari na maharage, kuna mapumziko mafupi, halafu muda wa michezo na kazi za mikono, kuoga, na etidi mbili, yaani vipindi vya kujisomea, moja kabla ya chakula cha usiku na nyingine baada yake. Shughuli unazoziona kwenye picha huingia katika ule muda wa alasiri, ambao rafiki zangu waliokaa kwao waliutumia barabarani wakisubiri basi, au mbele ya televisheni. Hazikuwahi kugusa etidi yetu.

Nikupe mfano wa ile ziara ya Makumbusho, kwa sababu nasi tulipelekwa. Mwalimu wetu wa kemia hakutuacha tutembee tukitazama tu. Kila kundi lilipewa kitu kimoja cha kuchora na kueleza, na kundi letu lilipewa misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama fedha kabla ya ukoloni, kazi ya wafuaji waliokuwa wakiyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo wa kichuguu. Juma lililofuata alileta darasani kipande cha malakiti, yaani lile jiwe la kijani, akakisaga, akakipasha moto mpaka ule unga wa kijani ukageuka mweusi, kisha akauchanganya na makaa yaliyosagwa na kuuchoma upya kwa moto mkali. Chungu kilipopoa, tuliona ndani yake punje ndogo nyekundu za shaba. Tangu siku hiyo sikuhitaji kukariri namna kaboneti (ule unga wa kijani) inavyokuwa oksidi (ule mweusi), wala namna makaa yanavyoiondolea oksidi oksijeni yake. Kwa hiyo, Mama, usiulize tu kama watoto walikwenda Makumbusho. Uliza walifanya nini waliporudi darasani.

Kuhusu upole wa binti yako, mimi pia nililia majuma ya kwanza, hasa Jumapili jioni baada ya wageni kuondoka. Kilichonisaidia ni bustani. Hapo hapahitajiki maneno mengi. Unamwagilia lengalenga pamoja na mwenzako, na urafiki unakuja wenyewe.

Baba wa Likasi

Ninaheshimu maneno ya dada, lakini ni lazima niseme upande mwingine. Kijana wangu alikaa mwaka mzima katika shule ya kibinafsi ambayo sitaitaja, na nikamtoa. Shughuli zilikuwepo kweli, ila ziliwahusu wachache. Timu ya shindano la maswali ilikuwa ya watoto walewale tangu mwaka uliotangulia, waigizaji ni walewale, na wengine wote walikuwa watazamaji, huku kila mzazi akitozwa kiasi kilekile cha fedha. Sikumlipia kijana wangu akae kwenye benchi akipiga makofi.

Jambo lililoniuma zaidi lilitokea usiku. Katika bweni la watoto wadogo hakulala mtu mzima hata mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ndiye aliyepewa ufunguo na mamlaka. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, kijana kama huyo atajua nini cha kufanya? Homa hapa kwetu mara nyingi ni malaria, na malaria ya mtoto haingoji asubuhi. Mama, shule ikikuonyesha ukumbi, omba uonyeshwe pia chumba cha mlezi, uone kipo umbali gani na vitanda, na uliza dawa zinawekwa wapi na nani anazigawa. Wakisita kukufungulia mlango wa bweni, mshike binti yako mkono mwondoke.

Mwalimu wa Katuba

Nimefundisha Kifaransa miaka mingi katika shule za sekondari za mji huu, nami ninaafiki sehemu kubwa ya yaliyosemwa na Baba wa Likasi. Ningependa, hata hivyo, kulijibu swali la msingi la Mama, yaani kama shughuli hizi huidhuru Exetat, kwani hapo wazazi wengi huogopa mahali pasipo na hatari na kuacha penye hatari.

Kabla ya zile siku 4 za maswali ya kuchagua jibu, mtahiniwa huandika insha kwa Kifaransa na kuulizwa lugha hiyo kwa mdomo. Watoto wetu huongea Kiswahili nyumbani, sokoni na uwanjani, na wengi wao hukutana na Kifaransa ubaoni pekee. Wanakisoma, wanakinakili, lakini hawakitamki. Nimewaona wanafunzi wenye akili nyingi wakinyamaza kabisa mbele ya mtahini, si kwa kukosa jibu bali kwa kukosa mazoea ya kusikia sauti yao wenyewe katika lugha hiyo. Mtoto aliyeigiza tangu mwaka wa 7, hata kwa sentensi tatu za mjumbe anayeleta barua, tayari amevuka woga huo. Ndiyo maana ninaipenda tamthilia ya shule kwa moyo wote, na ndiyo maana ninamwomba kila prefe, yaani mkuu wa shule, asiwaachie majukwaa wale wenye ulimi mwepesi tu. Mpole ndiye anayeihitaji zaidi.

Michezo nayo isidharauliwe. TP Mazembe, ambayo mwaka 2010 ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ilianzishwa hapa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini waliokuwa wakiendesha shule, nao waliiita Saint-Georges. Hakuna aliyejua wakati huo vijana wale wa shule wangezaa nini.

Hatari halisi ninaiona kwingine: ni sherehe. Zipo shule ambazo majuma mawili kabla ya siku ya wazazi hufuta etidi, hufupisha vipindi, na kuwasimamisha watoto juani wakirudia ngoma ileile ili picha zitoke vizuri. Shughuli inayofanywa kila Jumatano alasiri, mwaka mzima, bila mgeni yeyote, humlea mtoto. Ile inayofanywa mara moja kwa ajili ya wageni humchosha. Kwa sababu hiyo, Mama, usiende siku waliyokualika. Nenda Jumatano ya kawaida baada ya chakula cha mchana, utazame uwanja, bustani na maktaba, na kama unaweza ubaki mpaka etidi ianze. Umeme ukikatika, utajua papo hapo kama wana jenereta au taa za jua, au kama watoto wanapelekwa kulala saa moja usiku na masomo kuahirishwa hadi kesho.

Mama wa Bel-Air

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, nami ninawashukuru. Nitakwenda Jumatano ijayo bila kutoa taarifa, na swali la Baba wa Likasi kuhusu chumba cha mlezi ndilo nitakaloanza nalo. Nimebaki na maswali mawili. Shule hairuhusu simu kabisa, na wageni hupokelewa Jumapili moja tu kwa mwezi; je, hiyo ni desturi ya kawaida? Tena, mtu akiniuliza kama binti ashiriki kila shughuli au achague moja, nijibu nini?

Dada wa Bio-Kemia

Kukataza simu ni kawaida, Mama, na mimi naona ni vizuri, mradi kuwe na simu ya mlezi ambayo mtoto anaweza kukupigia akiwa mgonjwa au mwenye huzuni. Omba namba hiyo siku ya kuandikisha na uijaribu usiku, uone kama inapokelewa. Jumapili moja kwa mwezi ni chache kwa mtoto wa mwaka wa 7. Shule nyingine huruhusu wageni mara mbili katika muhula wa kwanza, kwa hiyo zungumza na prefe mapema. Ukija na chikanda, kile kitafunwa cha viazi vya porini na karanga, leta ya kuwagawia na wenzake wa chumba kimoja.

Mwalimu wa Katuba

Muhula wa kwanza achague mwenyewe shughuli moja, na mwezi Januari, baada ya kuona buletini yake ya matokeo, mkae naye pamoja na baba yake mwamue kama ataongeza ya pili. Zile zinazolipiwa kando, omba bei ya kila moja kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa haki ya mzazi ni kulipia ile ambayo mtoto wake anaifanya.