Mrejesho: mvuke wa petroli wakati wa kupakia meli

Wakuu, nimerudi. Niliuliza tufanye nini na mvuke wa petroli unaotufukuza gatini kila meli inapopakiwa. Asanteni sana, mmetusaidia kweli.

Aliyeeleza kwamba mafuta yanayoingia ndiyo yanayousukuma nje mvuke uliojaa tangini alitufungua macho. Tulianza na la bei nafuu: kujaza polepole mpaka mdomo wa bomba ufunikwe na mafuta, yasiruke ovyo. Kisha tukapaka maji ya sabuni kwenye mifuniko ya matangi. Mpira mmoja wa kuzibia mfuniko ulikuwa umepasuka, povu likafoka pale pale. Tulipoubadilisha, harufu ilipungua sana.

Bomba la kurudisha mvuke nchi kavu, kwenye mtambo wa mkaa unaounasa, nalo linafanya kazi. Kizuia moto, yaani kifaa cha kuzuia moto usipite bombani, msikiruke kabisa, maana mvuke ukichanganyika na hewa unaweza kulipuka.

Tulikokwama ni meli za zamani zisizo na mahali pa kuunga bomba hilo. Bado zinamwaga mvuke angani, na ndani yake mna benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Kwa sasa wenzetu wa sitahani wanavaa barakoa zenye vichujio. Mwenye njia bora kwa meli hizo, naomba aandike.