Mdogo wangu amegoma kurudi kliniki ya akili, naombeni ushauri

DadaMkubwa (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naombeni tusaidiane. Matusi hapana.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 20, yuko chuo mwaka wa pili hapa Dar. Mwishoni mwa mwaka jana alianza kujifungia chumbani, halali, anasema wenzake wa hosteli wanamsema redioni na simu yake inamrekodi. Tukampeleka hospitali, akalazwa, akapewa dawa, akatulia vizuri tu. Daktari akatuambia ugonjwa ndio unaanza na tumewahi, kwa hiyo asikose kliniki ya kila mwezi na asiache vidonge.

Kliniki kaenda mara chache, kisha akagoma, na vidonge akaacha. Ukimgusia tu anakujibu "mimi si mgonjwa, wagonjwa ni ninyi." Chuo haendi. Mimi haongei na mimi kabisa, chakula cha nyumbani hali, anashindia chipsi za barabarani. Na hali inazidi kubadilika. Juzi juzi asubuhi shingo ilimpinda ikaangalia begani, macho yakageuka juu, ulimi nje, tukajua ndiyo anakata roho. Baadaye ikaachia yenyewe.

Marehemu mama aliniachia huyu mtoto. Swali langu ni moja: nitumie njia gani arudi kliniki?

Mzee_Kigogo
Bangi hiyo. Vijana wa vyuo siku hizi wanaanza na shisha, wanamalizia na kitu cha Arusha. Mwondoe kwanza kwenye makundi, mengine yatafuata. Sisi tulisoma enzi za njaa na hakuna aliyesikia redio inamsema.

MamaShukuru
Pole sana mwanangu. Shingo kupinda hivyo si ugonjwa wa hospitali, hapo kuna mkono wa mtu. Mpeleke kwenye maombi, na wote nyumbani mfunge kula siku saba. Mtoto wa jirani yangu alikuwa hivyo hivyo, leo anauza duka lake.

BintPangani
Pole dada. Kwetu Tanga tuna kaka yetu alipelekwa Lutindi, hospitali ya Walutheri kule milima ya Usambara, ya tangu enzi za Mjerumani. Kule wagonjwa wanalima na kufanya kazi za mikono, hawashindi wamelala kitandani. Alikaa muda mrefu, akarudi anajua kufuma vikapu. Shida ilianza aliporudi: watoto wa mtaani wakampa jina, mchumba akaolewa na mwingine. Dawa aliacha mwenyewe, akasema nikinywa nisinywe mimi ni chizi tu machoni pa watu. Hadi leo tunahangaika naye. Samahani nimeandika marefu, umenikumbusha mbali.

ChumaChaPua
Mkuu, vijana wanne wa bodaboda, kamba moja, safari ya Mirembe. Mbona simple.

NesiWaZamu
Kufunga watu kamba ndiko kunakowafanya wasirudi tena hospitali, ChumaChaPua. Kumlaza mtu bila ridhaa yake kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, si suala la bodaboda.

Dada, nina swali. Umesema aliacha dawa zamani. Hiyo shingo kupinda, macho kugeuka juu, ulimi kutoka: mimi nikiona hivyo kwa kijana wa miaka 20 kitu cha kwanza ninachouliza ni haloperidoli, moja ya dawa za ugonjwa wa akili. Ni dawa ndiyo inayofanya hivyo, hasa kwa vijana wa kiume. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida haupindishi shingo namna hiyo. Nani anampa dawa?

DadaMkubwa
Asante nesi. Labda ni mabaki ya zile za zamani mwilini? Mimi ninachoomba ni njia ya kumrudisha kliniki tu.

NesiWaZamu
Vidonge alivyoacha miezi iliyopita havimpindishi mtu shingo juzi. Sikuulizi kwa ubaya. Niambie ukweli ili nisikushauri kitu cha kumdhuru.

BabaTausi
Mleta mada jibu swali la nesi. Chakula chako kwa nini hali?

DadaMkubwa
Sawa. Nilikuwa nasaga kidonge nampa kwenye chai ya asubuhi. Mama ndiye alikuwa anamtengea. Siku ile shingo ilipompinda alikwenda jikoni mwenyewe akakuta unga kwenye kile kinu kidogo cha iliki. Hajaongea na mimi tangu hapo.

Kabla hamjaanza kunihukumu: mlitaka nifanyeje? Alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Kilwa anaamrisha magari. Mngekuwa ninyi mngesubiri ridhaa? Na ilikuwa inasaidia, alianza kulala. Tatizo niliongeza kidogo kwa sababu niliona anachelewa kupata nafuu. Hata hivyo vidonge nimeachana navyo. Kuna mtu anajua kuchoma sindano, anakuja wikendi hii usiku akiwa amelala, amchome ile ya Modecate ya mwezi mzima. Nimeshamlipa nusu. Nikishamaliza hapo atakuwa na akili zake, ndipo tutaongea mambo ya kliniki.

MamaShukuru
Mungu wangu. Mtoto unamlisha dawa kama panya?

BabaTausi
Mama Shukuru taratibu, wewe mwenyewe ulitaka kumfungisha siku saba. Dada huyu anajaribu kuokoa ndugu yake.

NesiWaZamu
Dada, hiyo sindano isimame. Kidonge ukikosea kesho kimepungua. Modecate ikishaingia inakaa mwilini wiki kadhaa, haitolewi. Mtu ambaye juzi tu shingo imepinda, umchome usiku na mtu asiyejulikana, bila Artane ya kulegeza misuli, bila daktari? Misuli ya koo nayo inaweza kubana akashindwa kupumua. Akianza tena kupinda hata leo, usisubiri iachie, mpeleke hospitali yoyote, kuna dawa inailegeza kwa dakika chache.

Nakuelewa kwa nini unaogopa kumwacha bila dawa, na hofu yako ina msingi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999, waliwafuata kwa miaka 5 watu waliougua mara ya kwanza. Zaidi ya asilimia 80 walirudiwa, na aliyeacha dawa hatari yake ilikuwa karibu mara 5 ya anayeendelea. Kwa hiyo sisemi dawa ziachwe. Nasema mdogo wako hana sababu ya kuamini kitu chochote kinachotoka mkononi mwako kwa sasa, na huyo ndiye aliyekuwa anaamini kuna watu wanamfanyia njama. Umemthibitishia.

Kijana_wa_Ilala
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo nikijizuia. Mimi ni mmoja wa walioacha. Nina miaka 23, niliugua nikiwa na 20, na nataka niwaambie kwa nini tunaacha maana humu wote mnaongea juu yetu.

Kwanza dawa. Nililala kwa saa kumi na nne, nikiamka mate yanalowesha mto. Suruali zote zilinibana ndani ya miezi michache. Na kuna jambo jingine ambalo kijana hawezi kumwambia daktari mama yake akiwa amekaa pembeni. Nilikuwa na mpenzi. Nilifikiri ndiyo nimeshakuwa hanithi moja kwa moja. Hakuna aliyeniambia ni dawa na kwamba inaweza kubadilishwa.

Pili kliniki yenyewe. Unafika saa moja asubuhi, unatoka saa tisa. Unakaa benchi moja na wazee walioanza kuumwa kabla hujazaliwa, mmoja anatetemeka mikono, mwingine kafungwa shuka kiunoni. Nilimwangalia yule mzee nikasema kumbe hapa ndipo ninapoelekea. Ukiingia ndani, daktari wa leo si wa mwezi uliopita, anafungua faili, anamuuliza baba: "Analala? Anakula? Anameza dawa?" Baba anajibu. Mimi nimekaa pale pale. Halafu cheti, haya mwezi ujao. Na tarehe ya kliniki ikigongana na jaribio la darasani hakuna wa kumweleza.

Tatu, nilipona. Yaani nilijisikia nimepona, sauti hazipo. Mtu aliyepona anameza vidonge vya nini? Kuendelea kumeza ilikuwa kama kukubali kila asubuhi kwamba mimi ni chizi. Nikavitupa chooni. Nilirudiwa, vibaya.

Aliyenirudisha ni nesi mmoja wa kiume. Siku ile hakugusa habari ya dawa. Aliniuliza nasoma nini na nimebakiza semista ngapi. Nikamwambia mambo yote, hata lile la aibu. Daktari akanibadilishia dawa, akapunguza dozi kidogo kidogo. Sasa hivi namaliza diploma.

NesiWaZamu
Asante sana kijana. Hata nchi zenye huduma maalumu za vijana wanaoanza kuugua, kama Melbourne kule Australia walikoanza mwaka 1992, wana timu nzima, wanawafuata nyumbani na mahali popote, na bado tafiti zinaonyesha karibu asilimia 30 wanapotea. Wanaopotea zaidi ni wanaotumia bangi na wale ambao familia haikushirikishwa vizuri. Kushirikishwa, si kumsemea. Hapa kwetu kulikuwa na mradi wa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, Muhimbili na Mbeya: mgonjwa na ndugu yake wanakaa kikundi kimoja na familia nyingine, wote wanajifunza, wote wanaongea.

Na kuhusu dozi, kijana ana haki ya kubishana na daktari. Uholanzi walichapisha 2013 matokeo ya miaka 7: waliopunguziwa dozi mapema chini ya uangalizi, asilimia 40 walirudi kwenye maisha yao, walioendelea na dozi ile ile ni kama 18. Chini ya uangalizi, narudia. Si chooni.

Mchunguzi_Huru
Samahani wakuu, hivi mnaona ninachokiona? Akaunti ya mleta mada imefunguliwa jana. Kwenye bandiko la kwanza "marehemu mama". Baadaye "mama ndiye alikuwa anamtengea" chai. Marehemu anatenga chai? Na huyu Kijana wa Ilala katokea ghafla na stori imenyooka kama ya kwenye gazeti. Dawa kwenye chai, na uzi wenyewe ni chai.

ChumaChaPua
Nilijua tu. Nilishaanza kulia bure.

Mzee_Kigogo
Humu siku hizi kila mtu mtunzi. Juzi kuna mmoja alisema mkewe kazaa mapacha wa baba tofauti, kumbe anatafuta wafuasi.

BabaTausi
Lile la mapacha lilikuwa la kweli mzee, linawezekana kabisa kitabibu.

Mzee_Kigogo
Baba Tausi wewe unaamini kila kitu.

DadaMkubwa
Mama niliyemtaja ni mama mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye tunaishi naye Mbagala. Sisi tunamwita mama. Akaunti nimefungua jana kwa sababu ndugu zangu wamo humu na sitaki wajue. Ningekuwa natunga ningejitungia uovu huu? Nimekuja hapa nimeishiwa, ninyi mnahesabu maneno.

BintPangani
Mimi namwamini. Anayetunga hajui kinu cha iliki.

Mchunguzi_Huru
Hilo la mama mdogo nimelikubali. La kijana bado.

Kijana_wa_Ilala
Usiniamini, haina shida, nimezoea. Nilipokuwa wodini nilisema nina njaa wakaandika nina fujo.

NesiWaZamu
Hata ingekuwa imetungwa, kuna mtu anasoma hapa anasaga kidonge sasa hivi. Dada, sindano umesimamisha?

DadaMkubwa
Sijasimamisha. Nimemwambia asubiri hadi nimpigie. Nesi, mnanitaka nifanye nini akirudi barabarani?

NesiWaZamu
Akiwa hatarini hivyo unampeleka dharura mchana kweupe, unamwambia wazi unampeleka wapi na kwa nini. Atakasirika. Lakini leo hayuko barabarani, yuko chumbani na anakula chipsi, kwa hiyo una nafasi. Nenda wewe kliniki peke yako kwanza, umweleze daktari kila kitu pamoja na ya chai, hatakufunga. Mwombe dawa isiyobana misuli sana, olanzapini au risperidoni, ingawa nazo zina mambo yake, olanzapini inanenepesha. Na nyumbani mama mdogo apike mbele yake, sufuria moja, mle wote.

DadaMkubwa
Hilo la sufuria naliweza. Ila kuongea naye siwezi, akiniona anafunga mlango. Kijana wa Ilala, unaweza kumpigia? Nitakupa namba yake pembeni. Anapenda sana Yanga, anzia hapo. Jifanye ni mtu wa chuoni kwao, usimwambie ni mimi nimekutuma.

Kijana_wa_Ilala
Hapana dada. Hapo tena unataka kumwekea kitu kwenye chai. Kapige hodi umwambie kuna mtu anaitwa hivi, aliugua kama wewe, mimi ndiye niliyemtafuta, ukitaka namba yake hii hapa. Apige mwenyewe akitaka.

DadaMkubwa
Akikataa je?

Kijana_wa_Ilala
Akikataa amekataa. Namba mwachie chini ya mlango.