Fomu ya Idi

JUMATATU

06:41 Rehema: Habari za asubuhi wote. Naomba msome hadi mwisho, msiweke dole gumba na kupita. Fomu ya Idi ya kuchagua mkondo inarudi shuleni Ijumaa. Mtoto anataka ufundi umeme. Kaka hajasaini. Nahitaji mambo matatu: sahihi, vifaa (ovaroli, buti, testa yake mwenyewe), na karakana ya kumpokea likizo, maana shule inadai wiki sita za mazoezi kazini.

07:15 Mama Idi: Asante wifi 🙏

07:16 Kassim: Mkondo gani shangazi, ule unaorusha watu? 😂

07:18 Rehema: Kassim, leo sitaki.

07:19 Kassim: Hata ule wa masomo mimi ulinirusha

12:50 Rehema: Watu kumi na wanne mmesoma. Waliojibu ni wifi na Kassim. Salim, karakana yako ndiyo ya karibu, sema neno.

20:32 Baba Idi: Rehema, nimesoma tangu asubuhi. Sikupenda uliweke humu kabla hatujaongea. Idi ana alama nzuri za hisabati na fizikia. Mtoto wa alama zile anaendaje kushika bisibisi?

20:40 Rehema: Anaenda kwa sababu ya alama zile, kaka. Ulikuwepo Jumapili ile ekstensheni ilipoanza kunuka? Sote tulisema ni mbovu, tupeni. Idi aligusa waya, ukawa wa moto, akazima ukutani kwanza ndipo akachomoa. Halafu akaligeuza birika la umeme na kusoma maandishi ya chini. Wati 2000. Pasi wati 1000. Akachukua kalamu, 3000 gawa kwa volti 230, akapata ampia 13. Ekstensheni yenyewe imeandikwa 10. Akaniambia, "Shangazi, haina kosa hii, tumeibebesha." Fizikia ile ile unayoisifu, kaka, ila hii ilituokoa tusiungue.

20:43 Kassim: Na pasi ilikuwa ya nani? Shati langu halikumalizika hadi leo

20:44 Hamida: 😂😂😂

20:44 Mzee wa Kona: Kassim na mashati!

20:51 Rehema: Jamani. Ijumaa.

JUMANNE

05:58 Salim: Kumbe mwenye alama nzuri hafai kushika bisibisi. Asante kaka. Miaka yote nilikuwa najiuliza mnanionaje, leo nimejibiwa.

06:20 Baba Idi: Salim, sikukusema wewe.

06:22 Salim: Hukunitaja. Mimi ndiye niliyeambiwa "huyu apelekwe gereji, mikono yake ina akili kuliko kichwa". Mbele ya wageni. Na lile sanduku la zana likaondoka, tukaambiwa tusiulize.

06:25 Ujumbe huu umefutwa

06:31 Rehema: Salim, la sanduku tusilifungue humu.

06:33 Salim: Hulifungui humu, hulifungui kule. Sawa dada. Karakana yangu imejaa.

13:07 Neema: Nimetoka darasani sasa hivi. Naomba niseme kama mwalimu, si kama dada yenu. Ufundi hauna tatizo. Tatizo ni ufundi wa ubaoni. Nimewahi kuona wanafunzi wanachora mashine ya kuchomelea kwa rula, wanajaza majina ya sehemu zote, na mwaka unaisha hawajaona cheche. Mtoto wa hivyo anatoka na cheti, akishika kazi ya kwanza anazidiwa na fundi aliyejifunzia mtaani. Kaka, kabla ya kukataa au kusaini nenda kaione karakana ya shule. Uliza benchi moja wanakaa wangapi. Uliza kwa wiki ni saa ngapi za mikono, siyo za daftari. Mwalimu mwenyewe aliwahi kufanya kazi nje, au naye alisomea kitabuni? Zima swichi ya mashine moja, iwashe, usikilize.

13:15 Baba Idi: Hilo nimelielewa. Hofu yangu ni chuo kikuu. Akiingia ufundi mlango umefungwa.

13:29 Rehema: Inategemea nchi ilivyoupanga, haufungwi na ufundi wenyewe. Uswisi, kama theluthi mbili ya vijana wakimaliza shule ya lazima huingia mafunzo ya ufundi, na tangu miaka ya 1990 kuna mtihani maalumu wa fundi anayetaka kuendelea hadi vyuo vya juu. Ujerumani kijana anasaini mkataba na kampuni, siku moja au mbili kwa wiki yuko shuleni, zilizobaki yuko kazini na analipwa. Miaka 2 hadi 3 na nusu. Hakuna anayemwambia mikono yake ina akili kuliko kichwa.

13:30 Kassim: Uswisi wametoboa kwa saa. Babu si alikuwa anatengeneza saa? Tungekuwa Uswisi sasa hivi

13:34 Neema: Dada uko sawa, ila sema na upande wa pili. Kule Ujerumani watoto hugawanywa wadogo sana, wengi wakiwa na miaka kumi, na hilo wenyewe wanalilalamikia. Na ujuzi mwembamba huzeeka. Kijana wa ufundi huwahi kazi ya kwanza kuliko mwenzake wa masomo ya jumla, lakini teknolojia ikihama, aliyefundishwa kitu kimoja tu ndiye anayeachwa. Kaka, uliza kama hisabati, fizikia na lugha zinaendelea hadi mwaka wa mwisho. Zikikatwa, hata mimi sisaini.

13:36 Rehema: Hilo nakubali. Liongezwe.

19:48 Hamida: Samahani nimechelewa. Fomu ni ya nani?

JUMATANO

09:12 Zuhura: Shikamooni. Babu yuko hapa kwangu, nimemsomea yote tangu Jumatatu. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

09:20 Zuhura: "Salim hakupelekwa gereji kwa kukosa akili. Mwaka ule ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Nilichagua mkubwa. Lile neno la mikono na kichwa nilisema mimi, mbele ya wageni, ili wasijue sina fedha. Kaka yake hakulisema. Sanduku niliuza mimi kulipa muhula wa pili. Lilikuwa la Salim, nilikuwa nimempa. Sikuwahi kumwambia."

09:21 Zuhura: Amenyamaza kidogo. Anasema nitume hivyo hivyo.

09:26 Zuhura: Anaongeza: "Idi asipelekwe mahali ili kuficha kitu. Akienda, aende kwa kuwa anapaweza. Baba yake amtazame anavyofanya kazi, kisha aseme."

11:02 Mama Idi: 😢

16:45 Rehema: Shikamoo baba. Tumesikia.

21:13 Zuhura: Na mimi niseme, maana sijawahi. Niliutaka uchomeleaji. Mwalimu aliniambia wasichana ushonaji uko wazi. Sikuja humu kuomba wazee. Idi ameombewa.

21:40 Neema: Zuhura, kwa nini hukuniambia?

ALHAMISI

14:20 Baba Idi: Nimetoka shuleni. Benchi 12, wanafunzi 36. Mashine mbili zimefunikwa turubai, moja ina vumbi la muda mrefu. Lakini kuna ukuta wamefunga nyaya wenyewe, soketi, swichi, taa mbili, waya wa ethi umefika kila mahali. Nilimkuta binti mmoja anatafuta hitilafu waliyotegewa na mwalimu. Alipima sehemu moja baada ya nyingine, hakubahatisha. Dakika kama kumi, akaipata. Hisabati na fizikia zinaendelea hadi mwisho, nimeuliza. Lugha mwalimu hakuwa na hakika.

14:22 Rehema: Umesaini?

14:50 Rehema: Kaka, umesaini?

15:31 Baba Idi: Fomu ninayo mfukoni.

17:05 Kassim: Testa nimenunua. Ina taa. Sitanii.

17:06 Rehema: Mungu akubariki Kassim. Buti je? Hamida ulisema nusu.

17:30 Hamida: Nilisema?

19:02 Salim: Idi aje Jumamosi saa moja asubuhi, siyo saa mbili. Asije na ndala. Siku ya kwanza hagusi kitu chenye umeme, atazima swichi kuu, atapima, atapima tena, basi. Wiki sita sijakubali. Nakubali Jumamosi.

19:03 Salim: Na Zuhura kama anataka kuona mashine ya kuchomelea aje naye. Miwani ipo moja, watapokezana.

19:10 Zuhura: Nakuja baba mdogo.

19:44 Baba Idi: Salim, nitamleta mwenyewe.

21:58 Rehema: Kesho ndiyo Ijumaa. Fomu ikichelewa wanamweka wanakotaka wao. Kaka?

22:17 Rehema: Kaka?

22:41 Mama Idi: Yuko barazani na Idi tangu saa mbili. Wamefungua ile ekstensheni, wameitandaza juu ya gazeti. Nimeona nisiwaite.