Fundi anataka mwembe ukatwe na tofali zichomwe. Naombeni ushauri, nipo Tabora

Mwalimu wa Ipuli

Wakuu, habari za majukumu. Nina kiwanja hapa Ipuli, katikati kuna mwembe wa zamani nilioukuta. Nataka msingi uwe umesimama kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Chumba ninachopanga sasa ni ukuta mwembamba wa bloku, bati juu, dari hakuna. Mwezi wa kumi ikifika saa nane mchana mwanangu anaburuta godoro mpaka uani, analala na daftari lake usoni. Marehemu bibi yangu kule Sikonge alikuwa na tembe, ile nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa bapa. Ukitoka juani ukaingia ndani, jasho lilikukaukia mgongoni kabla hujakaa. Ubaridi ule ndio ninaoutaka.

Fundi ameniletea ramani yenye paa la kuficha, tofali za kuchoma, na mwembe ukatwe. Kuni za tanuri anasema nisiwaze, lori litaleta. Mimi nawaza. Kila nikipanda basi kwenda Urambo naona misitu ya miombo inavyorudi nyuma kutoka barabarani.

Je, tofali za udongo zisizochomwa zitahimili mvua zetu? Mwembe ubaki? Pia mdogo wangu ni mchoraji, anataka kufinyanga nyuki na majani ya mtundu, ule mti wa miombo, kwenye ukuta wa baraza badala ya vigae. Mama yangu mzazi anasema nikijenga kwa udongo watu watajua nimeshindwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mfyatuaji

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Nimefyatua tofali za udongo na saruji muda mrefu, zile za kufungamana zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazihitaji hata kijiti cha kuni.

Anza na udongo wenyewe. Toa ule mweusi wa juu wenye mizizi, chimba wa chini. Jaza udongo huo nusu chupa, ongeza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini kabisa, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe mwingi na mfinyanzi wa kushikisha tu. Halafu tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, jaza udongo uliolowa, weka kivulini mpaka ukauke kabisa. Ukisinyaa sana, ongeza mchanga kabla hujafikiria kuongeza saruji. Kwa udongo mzuri ndoo moja ya saruji inabeba ndoo 12 hadi 14 za udongo.

Wengi wanaharibu hapa: tofali likitoka kwenye mashine linaanikwa juani likauke haraka. Usikubali. Panga kivulini, funika nailoni au nyasi, mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha ziache zikomae mpaka zitimize siku 28. Nendeni NHBRA, wale wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, wana utaalamu wa mashine hizi.

Niliyejuta

Mimi naomba msimpambe sana mwalimu. Nilijenga kwa tofali hizo hizo, msimu wa pili tu kona ya upande wa mvua ikaanza kumomonyoka, ukipitisha kidole unatoka na unga mwekundu. Fundi wangu hakumwagilia hata siku moja, na paa lilikuwa la kuficha, halina upenu. Ukuta ulioga kila mvua. Mwalimu, ukishindwa kusimamia mwenyewe kila siku, bora uache.

Mtu wa Ujiji

Niliyejuta ametoa jibu lenyewe. Paa la kuficha lipigwe marufuku kwenye kiwanja hicho. Huku Kigoma mvua inakuja na upepo wa ziwani, hatuna mchezo na upenu: toa mita moja kamili kutoka ukutani. Msingi wa mawe upande juu ya ardhi angalau sentimita 40, na nailoni ya kuzuia unyevu ilale juu yake kabla ya tofali la kwanza.

Elekeza nyumba: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi mashariki na magharibi. Jua la saa kumi jioni ndilo linalopika chumba mpaka usiku. Na mwembe, dada yangu, kama uko magharibi ya sebule ni zawadi! Sogeza nyumba, usisogeze mti. Msingi ukae mbali na shina ili mizizi mikubwa isikatwe.

Kichuguu

Kuhusu joto la bati: Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso, alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, ikakamilika 2001. Kuta ni za tofali za udongo ulioshindiliwa, dari ni ya tofali hizo hizo, na bati limeinuliwa juu yake kwa nondo ili upepo upite katikati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mama asome hilo. Mwalimu anaweza kuiga kwa bei nafuu: dari, nafasi kubwa juu yake, na matundu yenye wavu kwenye gebo zote mbili, zile kuta za pembetatu chini ya paa.

Harare pia kuna jengo la Eastgate la 1996, la Mick Pearce, lililobuniwa kwa kutazama vichuguu. Linavuta hewa baridi ya usiku, zege linaitunza mpaka mchana. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kichuguu kinafanya kazi zaidi kama pafu, kinabadilisha hewa kuliko kupoza. Jengo lenyewe linafanya kazi vizuri. Kwako maana yake ni moja: usiku fungua madirisha yenye wavu, mchana funga.

Mama Chokaa

Ukuta wa mdogo wako uwe ndani ya baraza, mvua isiufikie. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi, ukiutumia peke yake unapasuka. Changanya na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi, uache ulale usiku mmoja. Nyeupe ni chokaa yenye chumvi kidogo, nyeusi ni mkaa uliosagwa.

Jani la mtundu likandamize kwenye plasta ingali mbichi, libandue taratibu kuanzia kikonyo. Vimishipa vyote vinabaki. Rangi yake ichukueni mwezi wa tisa, majani mapya yanapotoka mekundu.

Mwalimu wa Ipuli

Mungu awabariki wote. Nimepima, mwembe utakuwa magharibi ya sebule. Jumapili nampeleka mama Kwihara, tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, aushike ule ukuta mnene kwa mkono wake. Chupa tatu za udongo ziko dirishani tangu jana jioni. Ile ya nyuma ya kiwanja mchanga umeshapita nusu. Mfyatuaji, naomba uniambie, hiyo inatosha au niongeze mchanga?