Mpaka wa "mzima" na "mgonjwa wa akili": sayansi au makubaliano?

Mdadisi:
Wakuu, naomba mnifungue macho. Malaria unapimwa damu, kimelea kinaonekana, mjadala umeisha. Ila mwaka 1973 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa, na mwaka uliofuata wanachama wakapiga kura kuamua kama uamuzi ubaki. Ugonjwa gani unapigiwa kura? Hii "kawaida" ina kipimo, au ni watu tu walikaa mezani?

Kigezo:
Mkuu, umechanganya mambo mawili. La kwanza ni uthabiti: je, madaktari wawili wakimhoji mtu yuleyule kila mmoja kivyake, watampa jina moja la ugonjwa? La pili ni uhalali: je, hilo jina linashika kitu kimoja kilichopo kweli?

Uthabiti unapimika. Kipimo chake ni kapa: 1 ni kukubaliana kabisa, 0 ni sawa na kubahatisha. DSM ni kitabu cha chama hicho cha Marekani kinachoorodhesha magonjwa ya akili na vigezo vyake; toleo la tatu, DSM-III ya 1980, liliandikwa upya kwa orodha za vigezo hasa kwa ajili hiyo. Lakini katika majaribio ya DSM-5, msongo baada ya kiwewe ulipata 0.67, sonona (depression) 0.28 tu. Na hiyo sonona ndiyo kila mtu anaizungumzia!

Sababu moja ipo kwenye vigezo vyenyewe vya sonona. Inatakiwa dalili 5 kati ya 9, kwa wiki 2, na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu na mambo. Piga hesabu: wagonjwa wawili wanaweza kufanana kwa dalili moja tu. Tena kigezo cha usingizi kinatimia kwa kukosa usingizi na kwa kulala kupita kiasi, vyote viwili.

Hata kapa ingekuwa 1 bado haitoshi. Watu wote wanaweza kukubaliana nani mchawi, na uchawi usithibitike.

Pembeni:
Mfano ulio wazi zaidi ni msiba. Chukua mtu mzima aliyefiwa miezi 8 iliyopita, bado ana simanzi nzito kila siku na maisha yake yamesimama. Kwa ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, anaweza kuhesabiwa mgonjwa, maana muda wake unaanzia miezi 6. Kwa DSM-5-TR ya 2022 bado, mpaka ifike miezi 12. Mtu yuleyule, machozi yaleyale. Sasa niambieni ni darubini gani iliyoonyesha 6, na ipi 12.

Kigezo:
Hakuna. Ila hilo si la akili peke yake. Mwaka 2017 Wamarekani walishusha mpaka wa shinikizo la damu kutoka 140/90 hadi 130/80, na watu wengi wakalala wazima wakaamka wagonjwa. Madhara ya shinikizo ni sayansi. Pa kukata ni uamuzi.

Tofauti ni kwamba kwenye shinikizo tunajua kinachopimwa. Msomi wa Marekani Jerome Wakefield alipendekeza mwaka 1992 kwamba ugonjwa wa akili uwe na sehemu mbili: kitu cha ndani kimeshindwa kazi yake ya asili, na kushindwa huko kunamdhuru mtu kwa mizani ya jamii yake. Nusu ya pili ni maadili, na haifichi. Mimi naona nusu ya kwanza ndiyo inayokwama: huzuni kazi yake ya asili ni ipi hasa, na inaisha lini?

Halafu kuna jambo linalosahaulika. Aina moja ya wazimu ulioambatana na kupooza ilijaza hospitali za Ulaya karne ya 19. Mwaka 1913 bakteria wa kaswende wakaonekana kwenye ubongo wa waliokufa nao, ukahesabiwa ugonjwa wa kuambukiza. Kila ugonjwa unaopata chanzo unahamishwa kutoka kundi la magonjwa ya akili, kisha tunashangaa yaliyobaki hayana chanzo.

Mdadisi:
Nimekupata. Na zile dodoso za maswali 9 za mtandaoni, ukifika alama 10 unaambiwa una sonona?

Pembeni:
Hizo ni za kuchuja, si za kutambua ugonjwa. Tuseme kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 50, na dodoso linapatia mara 9 kati ya 10, kwa wagonjwa na kwa wazima. Litanasa wagonjwa 45, lakini pia wazima 95. Kwa hiyo wengi wa waliofika 10 si wagonjwa. Kazi yake ni kukupeleka kwa mtu atakayekaa na wewe akuhoji, aulize umeanza lini, unatumia dawa gani, tezi ya shingo ikoje.