Kigari chenye nambari 786 na kingine 125/250: thamani iko wapi?

Wete606

Asalaam alaykum wana jukwaa. Kuna muuzaji anatangaza vigari viwili vya modeli, na kila kimoja kakipandisha bei kwa nambari. Cha kwanza ni Hot Wheels, bado kimo ndani ya kadi yake, na kadi imeandikwa 125/250. Anasema maana yake vimetengenezwa 250 tu dunia nzima. Cha pili ni cha 1:43, yaani kimepunguzwa mara 43 kutoka gari la kweli, kimo ndani ya kisanduku cha plastiki angavu, na chini pameandikwa 786/1008. Hicho anakitaka mara tatu ya bei ya wenzake kwa sababu, anavyosema, "hiyo ndiyo Bismillahi yenyewe, ukiwa nayo nyumbani ni kheri".

Naomba wajuzi wanieleze nambari hizi zina uzito gani, kwa upande wa vigari na kwa upande wa dini. Pia nina vigari ninavyonunua ili niuze na vyengine ni vya kabatini tu. Zaka yake inahesabiwaje? Na kwa kuwa masika inakuja na huku Wete, Pemba, kadi huota ukungu, kama kuna mwenye njia ya kuhifadhi, tafadhali.

SkeliNdogo

Waalaykum salaam. Nianze na 125/250, maana hapo ndipo watu wanapoliwa pesa zao. Hot Wheels hutoa orodha mpya kila mwaka, na kwa miaka hii ya karibuni orodha ya kawaida ina vigari 250. Kwa hiyo 125/250 ni kigari cha 125 katika orodha ya mwaka huo, basi. Kila kigari cha aina hiyo, kiwe kimeuzwa Marekani au sokoni Darajani, Unguja, kina nambari hiyo hiyo kwenye kadi. Ukiona nyengine ndogo, tuseme 3/10, hiyo ni nafasi yake ndani ya kundi dogo la mwaka ule. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja idadi iliyotengenezwa.

Mtego wa pili uko tumboni mwa kigari. Ukikigeuza utaona mwaka karibu na jina la Mattel, kampuni inayotengeneza Hot Wheels. Huo ni mwaka wa kalibu, si mwaka kilipotoka kiwandani. Kalibu moja hutumika miaka mingi, na mwaka ule ule hubaki pale pale, kwa hiyo kigari cha juzi kinaweza kuwa na 1998 chini yake bila ya mtu yeyote kughushi kitu. Unachotakiwa kutafuta ni muhuri mdogo wa herufi moja na tarakimu mbili, mfano P15. Herufi ni mwaka wa kutengenezwa, tarakimu ni wiki. Wauzaji wengi hawaujui muhuri huo, na kwa anayeununua mzigo kwa bei ya "cha zamani" ndio kinga yake.

Vilivyo adimu kweli ni vya Treasure Hunt, kundi maalumu la Hot Wheels. Vilianza 1995, vikiwa aina 12, kila aina vigari 10,000. Siku hizi viko daraja mbili. Daraja ya kawaida ina alama ya mwale wa moto ndani ya duara kwenye bodi. Daraja ya juu ina herufi TH kwenye bodi, tairi za mpira, rangi angavu iliyopakwa juu ya chuma kinachong'aa, na ile alama ya mwale kwa rangi ya dhahabu kwenye kadi, nyuma ya kigari. Inamisha kadi pembeni utaiona bila ya kufungua. Ukiambiwa ni daraja ya juu na magurudumu ni ya plastiki tupu, rudisha.

Kughushi kwa kawaida ni kubadilisha magurudumu na kupaka rangi upya, na huwezi kufanya hivyo bila ya kutenganisha bodi na tumbo. Vinashikana kwa ribiti, mara nyingi mbili, mbele na nyuma. Ya kiwandani kichwa chake ni laini na kimetandazwa sawasawa. Iliyotobolewa kwa keekee ina tundu katikati, au mduara wa chuma kipya unaong'aa, au skrubu ndogo, au gundi. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa plastiki ya kadi. Ikiwa imebanduliwa na kugandishwa tena, karatasi huwa imechanika nyuzi na rangi yake imenyanyuka.

Mizani143

Kwenye 786/1008 muuzaji hajasema uongo kuhusu idadi. Kwa vigari vya 1:43 na 1:18 vya toleo maalumu, nambari ya kulia ndiyo jumla iliyotengenezwa na ya kushoto ni mpangilio tu. Minichamps, watengenezaji wa vigari vya modeli, kwa mfano, wana matoleo mengi ya namna hiyo. Kinachopandisha bei ni udogo wa ile ya kulia, hali ya kigari, sanduku na cheti. Ya kushoto huongeza kidogo ikiwa ni 0001, au ikiwa imelingana na nambari ya gari la mashindano lenyewe. Kigari cha 786 na cha 787 ni chuma kile kile, rangi ile ile.

Hakikisha nambari ya chini ya kigari inalingana na ya sanduku na ya cheti. Zikipishana ujue masanduku yamebadilishana, na hapo bei inashuka hata kama kigari ni kizuri.

Na kwa kuwa tunazungumza nambari, hata 43 ina asili yake. Imetokana na treni za kuchezea za Uingereza, ambapo milimita 7 zilisimama badala ya futi moja. Futi ni milimita 304.8, gawa kwa 7 unapata 43.5. Ile 1:76 ni milimita 4 kwa futi. 1:24 ni nusu inchi kwa futi. 1:64 ni sehemu tatu za kumi na sita za inchi kwa futi. Magari yaliundwa yasimame pembeni ya treni hizo, na vipimo vikabaki.

Njia ya kupima mwenyewe: chukua Land Rover 109 yetu hii inayojulikana. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, yaani milimita 2,769. Kwa 1:43 utarajie milimita 64.4, kwa 1:64 milimita 43.3, kwa 1:76 milimita 36.4. Pima magurudumu, usipime urefu wa bodi, kwa sababu bampa na tairi la akiba huharibu hesabu. Tofauti ya milimita moja kwenye 1:43 haina neno. Ikifika tatu, nne, hicho si 1:43. Vigari vidogo vya dukani vinavyoitwa 1:64 mara nyingi haviko hivyo kikweli: basi na gari ndogo hutengenezwa vienee kadi moja, kwa hiyo basi hupunguzwa zaidi.

Msomaji_Mkunazini

Upande wa dini, 786 inatokana na hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Tuifanye mbele ya macho. *Bismi*: ba 2, sin 60, mim 40, jumla 102. *Allah*: alif 1, lam 30, lam 30, ha 5, jumla 66. *Ar-Rahman*: 1, 30, 200, 8, 40, 50, jumla 329. *Ar-Rahim*: 1, 30, 200, 8, 10, 40, jumla 289. Ukijumlisha 102, 66, 329 na 289 unapata 786. Hesabu ni sahihi.

Lakini angalieni imesimama juu ya nini. *Rahman* imehesabiwa bila ya alif ya katikati kwa sababu katika maandishi ya msahafu haiandikwi kwa ukamilifu. Ukiihesabu, jumla inakuwa 787. Na nambari haiwezi kurudi kuwa maneno. *Hilal*, yaani mwezi mwandamo, ni ha 5, lam 30, alif 1, lam 30, jumla 66, sawa sawa na jina la Allah. Hakuna Muislamu atakayesema mwandamo na Mola ni kitu kimoja kwa kuwa jumla zimelingana. Abjadi wazee waliitumia kuficha tarehe ndani ya mashairi na maandishi, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Hakuna hadithi inayotufundisha kuisoma au kuiandika 786 mahali pa Bismillahi. Thawabu iko katika kuyatamka yale maneno.

Dini yetu ina nambari, tena nyingi. Rakaa 17 za faradhi kwa siku, tawafu mara 7, tasbihi 33, na Mtume (s.a.w.) amesema Allah ni witiri na anapenda witiri. Hizo tunazishika kwa sababu tumeamrishwa au tumefundishwa, na hakuna anayeruhusiwa kuzidisha rakaa ya tano kwenye adhuhuri kwa kuwa tano inamvutia. Upande mwengine ziko nambari za vipimo kama hiyo 43 ya Mizani143, ambazo tunazielewa kwa akili. Ile inayouzwa na muuzaji wako haiko kwenye fungu lolote kati ya haya mawili. Kupendezwa nayo si tatizo. Kuamini kuwa kigari kinaleta kheri au kinakinga nyumba, huko ni kwenye mlango wa tiyara, yaani kuamini ishara za bahati na mkosi, na Mtume ameikataza.

Mimi ningeliogopa zaidi upande wa muuzaji. Suratul Mutaffifin inaanza na ole kwa wanaopunja vipimo, na kumwambia mtu "250 tu duniani" huku ukijua si kweli ni kupunja kwa ulimi. "Mwenye kutughushi si katika sisi" ni hadithi ya Muslim.

Wete606

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Kuna mwenzangu keshanunua hicho cha 125/250 kwa bei ya "adimu". Ana haki gani? Na zaka bado haijajibiwa.

Hawli_na_Nisabu

Mwenzako, ikiwa aliambiwa sifa ambayo kigari hakina na bei ikapandishwa kwa sababu hiyo, ana khiyari ya kurudisha na kuchukua pesa zake. Katika madhehebu ya Shafii khiyari hii ni ya papo hapo. Akishajua, asikae nayo wiki nzima, asifungue kadi, asiitangaze kuiuza. Amwandikie muuzaji leo, ahifadhi tangazo lenye maneno "250 tu", na akirudishe kilivyo.

Zaka ya biashara inaangaliwa kwenye nia wakati wa kununua. Ulichonunua kwa nia ya kuuza ni bidhaa ya biashara. Ulichonunua kwa kabati hakina zaka hata thamani yake ikipanda mara kumi. Ukibadilisha nia ukasema "hiki cha kabatini sasa nitakiuza", nia peke yake haikigeuzi kuwa biashara mpaka ukiuze kweli. Kinyume chake kinawezekana: cha biashara ukikiweka kwa matumizi yako, kinatoka kwenye hesabu. Ulichorithi au kupewa zawadi hakiingii pia, kwa sababu hakukuwa na kununua. Kwa hiyo weka daftari la safu mbili tangu siku ya kununua, usingoje mwisho wa mwaka ndio ukumbuke.

Hawli, yaani mwaka mmoja wa mwezi mwandamo, ikitimia unathamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, si uliyonunulia. Nisabu, kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Tuseme, kwa mfano tu, gramu ni shilingi 300,000, nisabu itakuwa 25,500,000. Vigari 140 vya kuuza kwa wastani wa 45,000 ni 6,300,000, pesa za mauzo 2,400,000, na akiba yako nyengine iliyotimiza hawli 20,000,000. Jumla 28,700,000. Gawa kwa 40: zaka ni 717,500. Bila ya hiyo akiba usingelifika nisabu. Na kama daftari lako ni la Januari hadi Disemba, mwaka huo ni mrefu kuliko wa mwezi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo tumia asilimia 2.577 badala ya 2.5.

Tahadhari moja kwa wanaochukua oda kabla ya mzigo kufika: usiuze kigari mahsusi ambacho hukimiliki. Fanya mkataba wa salamu, yaani wa kulipa kwanza na kupokea baadaye: bei yote ilipwe mwanzo, na aina, skeli, rangi, hali ya kadi na tarehe ya kukabidhi viandikwe. Na mifuko ya fumbo, ambayo mnunuzi hajui ndani mna nini, ni gharari, yaani biashara ya kitu kisichojulikana. Iacheni.

ChakeRangi

Kuhifadhi. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndani ya chombo. Vipimia unyevu vya bei rahisi hudanganya, kwa hiyo kwanza kijaribu: tia chumvi ya kupikia kwenye kifuniko cha chupa, dondosha maji mpaka iwe tope zito bila ya kuyeyuka, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kisome bila ya kufungua. Lazima kioneshe 75. Kikionesha 69, basi kila siku ongeza 6.

Kwa sanduku la plastiki la lita 30 lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika jeli, punje za kunyonya unyevu, gramu 200 ndani ya kitambaa. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Ukizidisha moto rangi ya kiashiria inaungua na hutajua tena lini zimeshiba. Unyevu wa ndani ya sanduku usishuke chini ya asilimia 35, kadi zinapinda na stika zinapasuka.

Bodi nyingi ni aloi ya zinki yenye aluminiamu takriban asilimia 4. Hewa ya bahari huotesha unga mweupe pale rangi ilipobanduka, na ekseli za chuma hupata kutu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kausha papo hapo. Ukikuta kigari cha kabla ya vita, kama Dinky za miaka ya 1930, kina nyufa nyembamba chini ya rangi au kimevimba, tatizo si hewa yetu peke yake. Aloi za zamani zilichanganyika na madini ya risasi, na chuma kinajila kwa ndani. Joto na unyevu huharakisha, na dawa hakuna. Usikinunue kwa bei ya kizima.

Tairi laini zisigandane na plastiki ya sanduku, mafuta yake huyeyusha plastiki na kuacha alama. Nyanyua kigari kwa kipande kidogo chini ya tumbo. Usitie naftalini kabatini, nayo hulainisha plastiki. Na siku ya kufukiza udi funga mifuniko yote, moshi wake huacha utando wa mafuta kwenye vioo unaotoka kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ila usifikishe maji hayo kwenye kadi wala kwenye stika.