Okidi za porini: Ngong, Kilimambogo ama Elephant Hill? Nampeleka mathe

Kiatu_Matope
Wadau habari za jioni. Mathe anafikisha 61 mwezi ujao, hataki keki, hataki leso, ameniambia anataka kuona okidi (ua la orchid) imejimea yenyewe porini si hizi za mikebe anazofuga kwa veranda hapa Kinoo. Goti lake la kushoto halipendi mteremko ila yeye anasema ako sawa kabisa, mnajua wazazi. Nimefikiria tatu, Ngong Hills kwa sababu ni hapo tu, Kilimambogo, na Elephant Hill kule Njabini. Longonot nimeitoa mwenyewe, nilienda Februari nikarudi na vumbi mpaka kwa meno. Ni Jumamosi moja tu mwisho wa Juni, gari nitakodi. Nyinyi mngeenda wapi?

NduthiNgong
Ngong bana, kwani unatafuta nini mbali. Panda matatu ya 111 mpaka Ngong town, nduthi (pikipiki) mpaka geti, umefika, hata hiyo gari usikodi. Mvua ndefu ikiisha pale kwa nyasi karibu na mashine za upepo kunakuwa na maua ya njano, ya zambarau, meupe, sijui majina lakini ni mengi. Kama goti linasumbua mnaishia kilima cha kwanza cha pili mnarudi, si lazima mfike Lamwia, kile kilele cha juu kabisa. Okidi ndio sijawahi ona. Ama nimezikanyaga nikidhani ni nyasi.

Majani_Mabichi
@NduthiNgong umezikanyaga, nakuhakikishia 😂 Okidi za ardhini kama zile Habenaria nyingi maua yake ni ya kijani, ukiwa umesimama wima unaona nyasi tu. Kiangazi zinajificha kama kiazi chini ya udongo, mvua ikinyesha ndio zinachomoza.

Kiatu, kabla uchague mlima chagua okidi. Kuna za ardhini na kuna za mitini. Za ardhini unazitafuta kwa nyasi na mabonde yenye maji, na hapo lazima upige magoti, kwa hivyo mathe amepata shida tayari. Za mitini kama Polystachya na Aerangis zinakaa kwa matawi yenye kuvumwani na ukungu, unazitafuta shingo ikiwa juu. Na zile si kupe, hazinyonyi mti, mizizi yake myeupe inakunywa maji ya mvua na ukungu, mti ni kiti tu.

Sasa kwa maua peke yake Elephant Hill inashinda zote tatu na haikaribiwi. Unaanza msitu, unaingia mianzi, ukitoka juu unapata uwanda wa baridi wenye nyasi za mafundo. Huko kwa milima ya Nyandarua ndiko kuna okidi ya Disa stairsii, kichwa kirefu cha waridi mpaka unafikiri mtu ameipanda, na Satyrium crassicaule kwa sehemu zenye maji maji. Halafu Kniphofia nyekundu-chungwa kando ya vijito, ndege chozi wanazipigania, na ukiwa na bahati Delphinium ya buluu ile ya kushangaza. Lakini goti? Hapana.

MamaShiro
Nakubaliana na huyu wa majani. Mimi nilienda Elephant Hill na kikundi cha kanisa, tukaambiwa ni "matembezi". Matembezi my foot! Kwa mianzi matope yalininyang'anya kiatu kimoja, nikakitafuta na mkono mpaka kwa kiwiko, renja ako nyuma na bunduki kwa sababu ya ndovu anatuambia tuharakishe. Tulianza saa moja asubuhi tukashuka kumi na moja jioni. Maua niliyaona ndio, lakini kusema ukweli wakati huo nilikuwa nalia kidogo kwa hivyo siwezi kukuambia yalikuwa rangi gani. Kijana usimpeleke mama yako huko siku yake ya kuzaliwa tafadhali.

Kamera_Mzee
Kama mnaongea maua na hamjataja Mlima Kenya mnapoteza muda. Njia ya Chogoria, gari kubwa inawafikisha mpaka getini karibu mita 3,000 bila kutoa jasho. Mkilala siku mbili mpande polepole mtaona Lobelia telekii, ile imevaa kama mkia wa manyoya, maua madogo ya buluu yamejificha ndani yasipigwe na baridi. Na ile lobelia nyingine fupi inashika maji katikati ya majani, usiku maji yanaganda juu kama kifuniko na kichipukizi kiko salama chini. Na senesio kubwa majani yake yakikauka haiyadondoshi, inayavaa kama koti. Nimepiga picha hizo vitu miaka na miaka na sijachoka.

Kiatu_Matope
@Kamera_Mzee mzee wangu shikamoo, nimesikia na mate yamenitoka, lakini nimesema Jumamosi MOJA na pesa pia ni ya Jumamosi moja 😅

Boss_wa_Ruaka
Si uende tu mahali popote karibu, mkiona moja mng'oe mpande nyumbani, mathe anafurahi mwaka mzima badala ya siku moja? Watu wanauza barabarani kila siku.

Majani_Mabichi
Boss hapana hapana. Kwanza ukiwa ndani ya hifadhi ni kosa, hata jani moja. Na okidi zote ziko kwa orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hazivuki mpaka bila kibali. Lakini hata tuache sheria. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani, inaota tu ikikutana na kuvu fulani wa kuilisha, Mfaransa Noël Bernard aligundua hivyo 1899. Na nyingi za ardhini hata zikikomaa bado zinategemea huyo kuvu. Ukiichimba umebeba nusu ya mmea, nusu ingine imebaki mlimani, na miezi michache baadaye unamwagilia maiti. Zile za barabarani pia uliza zimetoka wapi.

Na Kiatu, mkizipata usiweke mahali kamili hapa. Sema mlima inatosha.

Jibu langu ni Kilimambogo. Si kwa sababu ina maua mengi, haina, huku chini ni vichaka tu. Lakini kuna barabara ya gari karibu kilomita tisa mpaka kileleni, mita 2,145, na juu ndio kuna msitu wenye ukungu na matawi yamevaa kuvumwani. Goti linapanda na gari, macho yanafanya kazi. Chukueni renja mkishuka kwa miguu, jina halidanganyi, mbogo wako.

NduthiNgong
Ile barabara inataka gari imeinuka lakini, usiende na Vitz.

Kiatu_Matope
Nimerudi wadau, pole kwa kimya. Tulienda Kilimambogo (si na Vitz). Kukawa na baridi ile ya Juni, tukasimama kwa kaburi la McMillan, yule mlowezi wa enzi za ukoloni, mathe akasoma maandishi yote polepole mimi natetemeka. Juu tukatembea na renja kwa msitu saa nzima shingo zinauma, zero. Nikaanza kutengeneza hotuba ya kuomba msamaha kichwani. Mathe naye alikuwa ameacha kuangalia juu, anaangalia chini anapokanyaga kwa sababu ya goti, na ndio akaiona. Tawi lilikuwa limeanguka na upepo, na juu yake kashada kadogo ka okidi, maua meupe-kijani madogo kuliko kucha. Alikaa hapo chini kwa matope na nguo yake ya Jumapili.

Halafu nikaona anafungua kibegi, kumbe alikuja na mfuko wa karatasi umekunjwa vizuri!! Renja akamwambia kwa heshima, mama hiyo haitoki. Mathe akasema lakini imeanguka, itaoza hapa. Wakabishana kama watu wa soko dakika kumi, mwishowe renja akalichukua tawi lote akaliweka kwa panda ya mti, mathe akamwonyesha upande wa kuelekeza mizizi, akamrudisha mara mbili mpaka ikakaa vile anataka.

Sasa shida ni kwamba amesikia kuhusu ile Disa ya waridi. @MamaShiro ule mguu wako ulipata size gani ya gamubuti?